Aliyegongwa Hakugongana

Kijana wa jirani yangu, mwendesha bodaboda hapa Ngamiani, Tanga, alinijia jioni moja akitembelea magongo, karatasi imekunjwa mfukoni. "Shikamoo mjomba. Nisomee hii kabla sijaipeleka kwa watu wa bima." Nikaifunua. Ilikuwa na sentensi moja tu: "Naomba nifikiriwe chochote kwani nilipata ajali baada ya kugongana na gari nikaumia mguu."

Kisa nilikijua, mtaa mzima ulikijua. Alikuwa barabara kubwa, anakwenda zake. Gari dogo likachomoza kutoka barabara ya pembeni, halikusimama, likampiga ubavuni. Mguu ukavunjika mahali pawili. Sasa irudie ile sentensi, wewe mwenzangu unayepima maneno kama sonara apimavyo dhahabu, uniambie: dereva yuko wapi?

Hayumo. Gari limo, ajali imo, mguu umo. Aliyeshika usukani ametolewa kwa ustadi ambao hata wakili wake asingeuweza, na aliyemtoa ni huyu huyu aliyevunjwa mguu. Hakukusudia. Alitumia maneno yaliyo mdomoni mwa kila mtu.

Tuanze na kugongana. Kile kiambishi kidogo, -an-, ni cha ushirika: kupendana hutaka wawili, kupigana hutaka wawili, kusameheana vilevile. Ukisema pikipiki imegongana na gari umekwisha kuligawa kosa nusu kwa nusu kabla askari wa usalama barabarani hajafika na futi yake. Nguzo ya umeme haigongani na lori. Imegongwa. Mbuzi aliyelala kando ya njia naye kagongwa, wala hakuna mwandishi wa habari atakayeandika kwamba mbuzi na basi wamegongana. Bodaboda ndiye tunayemnyima heshima tuliyompa mbuzi.

Sisemi neno lifutwe. Wako madereva wawili waliokutana uso kwa uso katikati ya barabara, kila mmoja akiwa upande usio wake. Hao wamegongana kwelikweli, na kitenzi kimewafaa. Nataka tu kiwe cha hao.

Kuumia ni ndugu yake. Tazama ukoo ulivyopangika: uma, umia, umiza, umizwa. Kuumia kuna maana ya kutendeka bila mtendaji, kama maziwa yanavyomwagika, kama kikombe kinavyovunjika mikononi mwa mtoto anayesema "kimevunjika" huku vipande viko miguuni pake. Ukimwambia daktari "nimeumia," umesema kweli yote anayoihitaji. Ukimwambia hakimu hivyohivyo, umebakiza nusu. Kwa hakimu sema uliumizwa, naye atauliza swali linalofuata bila kusukumwa: na nani?

Ajali yenyewe ni neno zito kuliko tunavyolibeba. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, na hasa ule wa mwisho, saa ambayo haisogei mbele wala nyuma. Wazee wa mwambao husema bado "ajali yake imefika" wakiwa na maana kwamba mtu ametimiza siku zake. Ndiyo maana methali ikasema ajali haina kinga. Haiwezi kuwa nayo: nani awezaye kukinga kadari? Neno likatoka msikitini na matangani, likaingia barabarani, likaja na mzigo wake wote. Mwenye gari akisema "ni ajali tu, ndugu yangu," lile "tu" linafanya kazi ya kutandika mkeka, na neno ajali linaketi juu yake. Limekwisha kusema hakuna wa kulaumiwa.

Na bado tuna msemo mwingine unaopingana na huo kabisa, nami naupenda mno: askari wamekuja kupima ajali. Wanachora, wananyoosha futi, wanahesabu hatua kutoka alama ya matairi hadi ukingo wa lami. Lugha ileile iliyoiita kadari inaipima kwa mita. Mimi nasimama na wapimaji. Ajali ibaki kwa radi na mti ulioanguka. Kwa gari lililotoka barabara ndogo bila kusimama, neno lililo wazi linatosha: kugongwa. Tukihitaji jina, tuna tukio la kugongwa. Ni refu kidogo, lakini halidanganyi.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kina utajiri tusioutumia. Kijana hakupishwa. Neno moja.

Kupisha kumetoka kwenye kupita, kama kupasha kulivyotoka kwenye kupata. Lakini kuna dada yake, kupitisha, na tofauti yao ni ya kutazama kwa makini. Bunge hupitisha muswada, mlinzi hupitisha mgeni, fundi hupitisha waya ukutani. Anayepitisha anafanya kazi, anasukuma, anaongoza. Anayepisha hafanyi lolote. Anasogea, anangoja, mwenziwe anapita. Ni kitenzi cha kumfanyia mtu kitu kwa kutofanya kitu. Sijui kama adabu ya njiani inaweza kuelezwa kwa silabi chache kuliko hizo.

Kisha kuna kupishana, na hapa -an- haina hila. Magari mawili kwenye daraja jembamba hupishana kwa heri. Ila neno lina utani wake, maana watu wawili waliotafutana wasionane nao "wamepishana," na maelezo mawili yasiyokubaliana "yanapishana." Kwa hiyo siku ile pale njia panda vyombo havikupishana, na kituoni kauli zikapishana sana.

Lakini fungua maandishi yetu rasmi na tafsiri zinazozagaa uone kosa hili linavyoitwa: kushindwa kutoa njia. Simama hapo. Kushindwa ni jambo la aliyejaribu akazidiwa. Mtoto ameshindwa mtihani, Coastal Union wameshindwa ugenini, mgonjwa ameshindwa kumeza. Dereva aliyeona barabara kubwa mbele yake akaendelea kukanyaga mafuta ameshindwa nini, na nani kamshinda? Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kina kiambishi cha kukanusha kilicho safi na kikali: hakupisha. Kwa hati ya mashtaka, kutopisha. Na kama alimwona mwenziwe akaendelea, kukataa kupisha. Wahariri wangu wapendwa wa "dereva alishindwa kulimudu gari," nanyi mmo humu humu.

"Kutoa njia" kwenyewe sikupendi. Njia si mali yangu hata niitoe. Ningekuwa mkarimu mno. Wala hatuwezi kusema "kuacha njia," kwa kuwa magazeti yamekwisha kulifanya neno la msiba: gari liliacha njia, likapinduka.

Watu wa barabarani, kwa upande wao, hawajangoja kamati. Wana kuchomekea: kuingiza pua ya gari mahali pasipo nafasi, kama mtu anavyochomekea shati. Wana kutanua, kule kupita kandokando kwenye vumbi wakati wenzako wamepanga foleni, halafu kurudi mbele yao. Haya ni maneno yenye macho; ukiyasikia unaliona gari. Naona aibu kidogo kwamba hati ya mashtaka haiwezi kuyatamka. Kwa nini isiweze? "Mshtakiwa alimchomekea mlalamikaji" ni sentensi ambayo shahidi wa darasa la saba na wakili wa daraja lolote wataielewa kwa namna moja.

Kabla ya magari tulikuwa na neno la kupishia ambalo karibu tulizike tukiwa tunalihitaji. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe na Lamu, ambamo punda na hamali mwenye gunia hawawezi kupita pamoja, aliyebeba mzigo alipiga ukelele: Simila! Asili yake ni bismillahi. Fikiri: jina la Mungu likawa honi. Na kanuni iliyokuwa ndani ya ukelele huo ilikuwa ya haki kuliko nyingi za leo. Mwenye mzigo ndiye apishwaye. Mwenye mikono mitupu ajibanze ukutani. Kamusi zinaliandika simila au simile. Nami kila nisikiapo mtangazaji akisema timu fulani imecharazwa "bila simile," nasikia mwangwi wa kichochoro kile: kumvamia mtu bila hata kumpigia ukelele apishe. Huenda masikio yangu yananidanganya kuhusu undugu huo. Hata hivyo, kuendesha bila simile ni maelezo bora ya kosa ninalolizungumzia kuliko kifungu chochote nilichosoma.

Pamoja na simila kulikuwa na habedari. Hili limekuja na merikebu kutoka Uajemi na Bara Hindi: khabar, habari, na dar, mwenye kushika. Mwenye habari. Kumwambia mtu "habedari!" ni kumwambia awe na habari ya kilicho mbele yake. Liweke neno hili pembeni kidogo, tutalihitaji.

Kwa aliye na haki ya kutangulia tunasema "mwenye kipaumbele." Neno lilizaliwa vizuri, kipa-umbele, ila wanasiasa wamelichosha, likitamkwa mtu anangoja bajeti. Wengine husema "mwenye haki ya njia," kana kwamba ana hati ya kiwanja. Mimi napendekeza maneno mawili. La kwanza ni haki ya kupishwa, kwa sababu sheria ya barabarani, ukiichunguza, haimpi mtu umiliki wa lami; inamwekea mwenziwe wajibu wa kungoja. Kauli ya kutendwa ndiyo inayolibeba hilo: haki ya kupishwa, wajibu wa kupisha, kitenzi kimoja kwa pande zote mbili.

La pili ni mwenye zamu. Zamu ni neno la baharini. Mabaharia wa Kiarabu waliigawa siku kwa zam za saa tatu tatu, na asiyekuwa zamu alilala. Halitakuwa pweke barabarani, kwa kuwa bahari imekwisha kupanda lami zamani. Usukani ni wa jahazi. Chombo ni cha tanga, na leo sheria zetu zinaongea juu ya "chombo cha moto." Kivuko ni pantoni ya Kigamboni, na ni ile michoro myeupe ambayo mtoto wa shule anavukia, ijapokuwa wengi tunaiita pundamilia. Na huko baharini kuna kanuni ambayo nahodha yeyote ataitaja bila kufikiri: chombo cha mashine hukipisha chombo cha tanga. Mwenye nguvu anangoja. Sina hakika kama gari dogo na bodaboda wamewahi kusikia hilo, japo wote wawili wanaishi katika mji unaoitwa Tanga.

(Kipilefti naiacha ilivyo. Wasafi wa lugha wanataka "mzunguko," nami huwa niko upande wao, lakini neno lililotokana na kibao cha kumwamuru mtu ashike kushoto, likageuka jina la mahali, likapata hata wingi na mnyambuliko mdomoni mwa makonda, limejilipia kodi. Halina kosa.)

Dereva alipohojiwa alisema alichosema kila dereva: "Alitokea ghafla." Hapa mpenzi wa maneno anakaa kitako. Ghafla ni Kiarabu, na mzizi wake hauna mwendo kasi ndani yake hata kidogo. Maana yake ni kutokuwa na habari, kutozingatia, moyo kuwa kwingine. Kiswahili kinaijua maana hiyo: kughafilika, mghafala. Kilichotokea ni kwamba jambo humjia "kwa ghafla" yule asiyeangalia, na polepole neno likahama kutoka kwa mtazamaji likamwangukia mtazamwa. Kwa hiyo dereva anaposema "alitokea ghafla," anajisikia anamshtaki bodaboda, na neno lenyewe, chini kwa chini, linakiri: nilikuwa nimeghafilika. Natamani mawakili wote wangejua hili. Ni ungamo lililofichwa katika utetezi.

Na kinyume chake halisi ni lile neno tulilolitenga. Ghafla ni kutokuwa na habari. Habedari ni kuwa nayo.

Ndiyo maana sipendezwi na uzembe, neno ambalo mahakama na polisi hulitumia kwa kila kosa la usukani. Mzembe ni mvivu. Ni yule anayeamka saa nne, shamba limejaa magugu. Dereva asiyepisha ana tabia nyingi mbaya, uvivu haumo. Tatizo lake ni haraka. Uzembe nauona mahali pake kwa mwenye gari ambaye breki zimelia miezi mitatu hakuzipeleka gereji, kisha tukasoma gazetini kwamba "breki zilifeli," kana kwamba zilifanya mtihani. Kwa asiyetazama kulia na kushoto, neno ni mghafala. Kwa aliyetazama, akaona, akaendelea, neno ni upuuzaji, na hilo liwe zito kuliko yote. Maneno matatu kwa makosa matatu. Hakimu atajua ampime yupi kwa kipimo gani. Najua utaniambia mghafala una harufu ya udhuru, kwamba "nilighafilika" ni neno la kuombea msamaha. Ni kweli. Lakini hata uzembe ulikuwa tusi la nyumbani kabla haujavaa joho.

Turudi kwenye barua, kwenye neno la kwanza: naomba.

Mwenye mguu uliovunjwa haombi. Anadai. Kudai nako kuna sura ambazo hatujazitazama vya kutosha. "Nakudai" ni sentensi yenye uhakika wa chuma. Hakuna anayesema nakudai elfu kumi huku akishuku kama ni kweli. Ila ibadili nafsi: "Anadai aligongwa." Papo hapo shaka imeingia, mwandishi amejiweka kando, tunasubiri upande wa pili. Kitenzi kilekile ni deni katika nafsi ya kwanza na ni tuhuma katika nafsi ya tatu. Mdai na mdaiwa wa mahakamani wanaurithi utata huo wote. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana haukuwa wa sheria, ulikuwa wa sarufi: sema mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Nadai.

Kwa bahati mbaya, bima imekwisha kumpanga kwenye nafsi ya tatu. Ile bima ambayo Sura ya 169 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo huitwa bima ya mtu wa tatu. Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni, na huyu aliyelala chini na mfupa nje ndiye wa tatu. Kwa mkataba, hesabu ni sahihi. Kwa Kiswahili, nafsi ya tatu ni yule anayesemwa, asiyekuwapo kwenye mazungumzo. Mimi nasema, wewe unasikia, yeye anatajwa. Mitaani, ukikata hiyo utaambiwa umekata bima ndogo, na ile inayolinda gari lako wewe ndiyo bima kubwa. Tazama ukubwa tulivyougawa: bati ni kubwa, mguu wa mwenzio ni mdogo. Napendekeza bima ya mwenzio. Ni fupi, na inamwambia mnunuzi papo dirishani pesa yake inamwendea nani.

Fidia ni neno nisilotaka liguswe. Limetoka kwenye fidya, kikomboleo, kile kinachotolewa ili kingine kiachiwe huru. Aliyeshindwa kufunga Ramadhani kwa ugonjwa usiopona hulisha maskini, na hiyo ni fidia. Kando yake ipo dia, malipo ya uhai uliotolewa, neno ambalo halitamkwi kwa sauti ya juu. Na iko ridhaa, ambayo magazeti ya Kenya huitumia kwa malipo ya mahakamani huku sisi Tanzania tukiijua zaidi kama idhini, au wachezaji wasiolipwa. Ndani ya ridhaa mna radhi: moyo uliotulia.

Nina shauri juu ya haya. Wanasheria hugawa malipo mafungu mawili: yale yenye risiti, kama dawa, kitanda cha hospitali na matengenezo ya pikipiki, ambayo mdai ni lazima ayataje na kuyathibitisha moja moja, na yale yasiyo na risiti, ya maumivu, usingizi uliopotea, mpira wa miguu ambao hautachezwa tena, ambayo hakimu huyakadiria. Hayo ya pili yanaitwa fidia ya jumla. Jumla! Mtu wa kawaida akisikia jumla anafikiri pameshajumlishwa, au kuna duka la rejareja jirani. Nimewaona watu wakidhani fidia ya jumla ni hesabu ya mwisho. Basi tuwe na fidia kwa chenye risiti, na ridhaa kwa kisichokuwa nayo. Mfupa hauna bei, lakini moyo unaweza kuridhishwa, au angalau mahakama inaweza kusema imejaribu.

Jihadhari na kifuta machozi. Ni jina zuri kupita kiasi. Serikali yetu inalitumia, pamoja na kifuta jasho, kwa malipo ya walioathiriwa na wanyamapori: jasho kwa shamba lililoliwa na tembo, machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Walichagua kwa akili. Anayefuta machozi hakiri kwamba ndiye aliyekuliza. Kwa tembo sina neno. Dereva akija na bahasha akaiita kifuta machozi, ujue bahasha hiyo imeshasema haina kosa, na huenda inataka usaini kwamba "mmeyamaliza."

Kuyamaliza, kwa njia, ni kitenzi cha ajabu: lile -ya- halina nomino. Ni mambo? Ni maneno? Ni madai? Limeachwa wazi makusudi ili kila kitu kizame humo.

Vivyo hivyo pole. Dereva alimletea kijana machungwa hospitali akampa pole, na mama yake kijana akanishangaza kwa usikivu wake: "Alisema pole, hakusema samahani." Mama huyu hajasoma isimu. Pole kila mtu humpa kila mtu, hata anayepita. Samahani hutoka kwa mmoja tu.

Mengine niyapitie haraka. PF3, ile karatasi ya polisi ambayo majeruhi anaibeba kwenda hospitali, ina herufi na tarakimu badala ya jina. Iitwe hati ya jeraha. "Mhanga wa ajali" tuliache, mhanga ni wa kujitoa, na huyu hakujitoa. Majeruhi lina asili safi ya aliyejeruhiwa, linatosha. Ukomo wa muda, ile miaka 3 ambayo baada yake shauri la madhara ya namna hii halipokelewi tena mahakamani bila kibali cha kuongezewa muda, ni istilahi nzuri. Aliyeibuni apewe soda.

Haya yangekuwa mchezo wa wazee wa baraza kama si mwaka 2021, sheria ya tafsiri ya sheria iliporekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Kabla ya hapo uamuzi wa mahakama zilizo juu ya ile ya mwanzo kwa kawaida uliandikwa Kiingereza na maneno yetu yalibaki korido. Sasa yanapanda kizimbani yakiwa na udhaifu wao wote, na kugongana kukiingia kwenye hukumu moja kutanukuliwa kwenye inayofuata.

Basi tuliketi na kijana, tukaiandika upya: "Tarehe hiyo, nikiwa na haki ya kupishwa, dereva wa gari lililotoka barabara ndogo hakunipisha, alinigonga, akanivunja mguu. Nadai fidia ya gharama zangu na ridhaa ya maumivu yangu." Aliisoma kwa sauti mara mbili. Akaipenda. Kisha akachukua kalamu, na mbele ya "nadai" akaingiza neno moja.

"Mjomba, hao ni watu wakubwa. Bila naomba hawaisomi."

"Naomba kudai"? Nilibishana naye hadi adhana ya isha, nikashindwa. Na hapa kitenzi hicho ni halali, maana nilijaribu. Ana hoja. Hatuna kitenzi cha kudai ambacho kinabaki na adabu kifuani bila kupiga magoti. Nimepekua kamusi mbili, nimewauliza wazee wawili wa Kipemba, bado. Kama kwenu kipo, kiwe cha Mvita, cha Bara au cha Ngazija, kilete. Barua haijapelekwa.